Mwaka Tuliomrudisha Mama Rispa

Tumemzika Wanjala Jumamosi iliyopita, kule mlimani juu ya Lwakhakha, na tangu nirudi hapa Bungoma sijaweza kukaa nikatulia. Hotuba zilikuwa nyingi kama kawaida yetu. Mzee wa kanisa alisema, mjumbe wa mheshimiwa fulani ambaye hakumjua marehemu hata kwa sura alisema, na kijana wa spika akatuomba tufupishe halafu yeye mwenyewe akaweka muziki usioisha. Walimwita Wanjala fundi hodari na baba wa watu. Ni kweli tupu. Lakini hakuna hata mmoja aliyeutaja mwaka wa landrova, na mimi nilipopewa kipaza sauti nikasema pole kwa familia nikakaa. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimefura, hadi dereva akaniuliza, "Mathe, kwani kuna mtu amekukosea?" Nikamwambia aendeshe gari. Sasa nimepika chai yangu, nimefunga mlango, nitayasema hapa. Asiyetaka kusoma aache.

Mwaka ule nilikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo, nauza spea kwenye kaunta ya gereji ya Mzee Kirpal mjini Kitale. Mzee Kirpal alikuwa Kalasinga mwenye kilemba cha bluu na mdomo ambao, Mungu amrehemu, haukumpendelea mtu: alimtukana tajiri wa shamba la mahindi sawasawa na alivyomtukana mfagiaji. Nyuma ya gereji kulikuwa na dirisha la jikoni kwake, na saa ya chakula mkewe alipitisha pale sinia la chapati, dengu na achari ya ndimu, bila kusema neno. Tulikula tumekaa juu ya magurudumu mabovu, mikono ikinuka grisi hata baada ya kunawa na mchanga. Mzee ndiye aliyenifundisha kuendesha. Alikuwa amechoka kuwatuma wanaume Bungoma kuchukua spea wakarudi kesho yake wananuka pombe ya busaa. "Msichana haishii njiani," aliwaambia mafundi mbele yangu. "Naenda, narudi. Nyinyi naenda, napotea." Nilijivuna vibaya sana. Nilikuwa na ulimi mrefu tayari, na usukani ukauongezea urefu.

Wanjala alikuwa fundi wetu mkuu, mtu wa maneno machache ambaye ukimsalimu asubuhi anaweza kukujibu saa nne. Mle uani, nyuma ya mapipa, palikuwa na landrova fupi ya zamani ambayo nyasi zilikuwa zimefika madirishani. Injini yake ya petroli ilikuwa imeganda, na kuku wa jirani walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva. Siku moja tukiwa tunakula, Wanjala akaweka chapati yake chini akamwambia Mzee Kirpal, "Mzee, naomba ile landrova." Mzee akacheka. Akamwambia hiyo si gari, hiyo ni maiti. Wanjala akasema anajua, na kwamba anataka kuifufua ampeleke mama yake nyumbani. Mzee akaacha kucheka. Akamtazama, akanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye nitakayemweleza, kisha akasema, "Chukua. Lakini kazi ya wateja kwanza."

Mama Rispa, mama yake, aliishi Kipsongo, mtaa wa mabanda hapo Kitale, katika chumba cha mabati ambacho mchana kilikuwa tanuri na asubuhi barafu. Nilikuwa nikienda huko Jumapili na Wanjala kumpelekea maziwa. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa shuka yenye maua, kitanda upande huu, sufuria zake za kuchemshia githeri ya mahindi na maharagwe upande ule, zimepangwa safi ingawa alikuwa ameacha kuuza. Alikuwa na ugonjwa wa tumbo ambao hospitali ilikuwa imeutazama, ikautazama tena, kisha ikamwambia mwanawe kwa upole ampeleke nyumbani akale anachopenda. Kwake lakini kula kulikuwa kazi. Alikunywa maziwa vijiko viwili akatuambia ameshiba, halafu akanichokoza: "Wewe dereva, utaolewa na nani? Na gia?" Nikamjibu kwamba gia angalau inasikia ikisukumwa. Alicheka hadi akashika tumbo kwa maumivu, nami nikajuta kuwa na mdomo.

Nilijua jambo lenyewe Jumapili moja nikiwa nje nasuuza vikombe. Shemeji yake, Mzee Barasa, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amekuja kutoka Lwakhakha, na kuta za mabati hazifichi siri. Nilimsikia akisema taratibu, kama mtu aliyekariri njiani: "Mimi sikuchukii, shemeji. Lakini uliondoka kwetu ukiwa na hasira, na mji ukakaa bila wewe. Wazee wamekaa, wamesema hivi. Ukija ukiwa hai, ukaingia jikoni kwako kwa miguu yako, ukawasha moto kwa mkono wako, umerudi. Nyumba ni yako, na shamba la kukulaza ni lako. Ukija kwenye sanduku, tutasema hatukumwona mwenye jiko akirudi. Watakuzika hukuhuku Kitale." Kisha Mama Rispa akauliza, "Na Nafula?" Nilimsikia Mzee Barasa akiaga, akatoka akanipita bila kuniona. Baadaye ndipo Wanjala aliponieleza, tukirudi mjini kwa miguu, kwamba Nafula alikuwa mtoto wa kwanza wa mama yake, alikufa hata hajaanza kutambaa, na alizikwa nyuma ya jiko lile. Mama yake alipogombana na mumewe akakimbia, alimbeba Wanjala mgongoni. Nafula hangeweza kumbeba. "Anataka kulala karibu naye," Wanjala alisema. "Hataki kitu kingine." Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kunitolea.

Basi landrova ikawa kazi yetu ya jioni. Mama hangeweza kupanda gari la abiria na kukaa wima kutwa nzima, na mvua ilikuwa imeanza. Barabara ya kupita Chwele hadi Lwakhakha ilikuwa ya udongo mtupu wakati huo, na juu yake kulikuwa na kijia cha kupanda mlimani ambacho hata trekta ziliogopa. Wanjala akapata injini ya dizeli kutoka kwa pikapu iliyopinduka upande wa Endebess. Haikukubaliana na gia boksi ya landrova hata kidogo, kwa hiyo akakata bamba la chuma akalipiga tupa jioni baada ya jioni mpaka viwili vikaoana. Akainua bomba la kuvuta hewa hadi juu ya kioo, ili tukivuka maji injini isinywe. Nyuma akaikata bodi akaiongezea mkia wa bati, kwa sababu ilivyokuwa fupi mtu hawezi kulala akanyoosha miguu. Mimi nilishika taa, nilishika spana, nilishika sana mdomo.

Ikawaka. Moshi mweusi ulijaa uani, na mke wa Mzee Kirpal akafunga dirisha lake kwa kishindo. Lakini ilikuwa ngumu kama punda mwenye hasira, kila shimo unalisikia kwenye meno, na hapo ndipo Wanjala alipoanza mtindo wake wa sufuria. Alijaza sufuria maji, akaiweka nyuma sakafuni, akaniambia niendeshe kuelekea Endebess na kurudi. Maji yote yalimwagika. Akatoa jani moja la springi, tukaenda tena. Akatoa lingine. Akapanga mipira ya ndani ya magurudumu, akaijaza upepo kidogo, akaweka mbao juu yake na sufuria juu ya mbao. Mzee Kirpal alituona tukitoka langoni akapiga kelele, "Hii gari au hoteli?" Wiki nzima niliendesha nikisikiliza maji yakicheza nyuma yangu, nikajifunza kulitambua shimo kabla gurudumu halijalifikia, nikajifunza kuachia klachi polepole kama mtu anayetoka chumba cha mtoto aliyelala. Siku tuliyorudi na maji yamepungua kidogo tu, Wanjala alikaa chini akaegemea gurudumu akafunika uso kwa mikono yake miwili. Nilimwacha. Kuna wakati mtu hapaswi kusemeshwa.

Kilichobaki kilikuwa kitanda chenye kingo, ili mama asibiringike. Wanjala hakuwa na mbao kavu, na kwa mvua ile mbao kavu ungezipata wapi? Kwa mtu mmoja tu: fundi wa majeneza aliyekuwa na kibanda karibu na hospitali. Alikubali kwa moyo safi. Alifika Kipsongo mama akiwa amelala, akampima kwa kamba, akaenda zake. Alipokileta kitanda gereji alfajiri ya safari, tulisimama tumekitazama. Kilikuwa kipana mabegani, chembamba miguuni, na ubavuni alikuwa ametia vishikio vya kamba, viwili viwili. Kilikosa kifuniko tu. "Wewe!" nilimwambia. "Hiki ni nini?" Maskini, alikitazama kwa mara ya kwanza kama sisi tulivyokitazama. "Dada, nisamehe. Mkono umezoea." Nilitaka kumrarua. Lakini mama alikuwa hajala tangu juzi, mawingu yalikuwa yameshuka, na hakukuwa na siku ya kungoja kingine. Tulikitandikia blanketi mbili kuficha umbo, tukaenda kumchukua. Alipoinuliwa akawekwa ndani, Mama Rispa alipapasa kingo kwa vidole, kutoka begani hadi nyongani. Alielewa. "Sawa," alisema. "Wengine hawapati nafasi ya kulijaribu."

Tuliondoka Kitale mapambazuko. Niliendesha mimi, Wanjala akakaa nyuma ameshika kichwa cha mama yake. Kiminini, Kamukuywa, Kimilili, lami ilituchukua vizuri na mama akalala. Baada ya Chwele tope likaanza, na landrova ikaonyesha kwa nini tuliihangaikia: gia ya chini, moshi, inapanda tu, taratibu, bila kuringa. Nilianza hata kuimba chinichini. Tukafika kwenye kisoko kidogo, siku ya soko, wanawake wamejaa na ndizi zao na vibuyu vya maziwa, na hapo katikati ya watu injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima.

Wanjala aliruka chini akafungua boneti. Mpira wa dizeli ulikuwa umelegea kwa kutikisika, hewa ikaingia kwenye pampu. Si ugonjwa mkubwa. Unakaza, unafungua nati, unapampu kwa mkono mpaka povu liishe. Lakini inataka muda. Na huku nyuma, bati la mlango lilikuwa limefunguka, na wanawake wa soko waliona sanduku, na mtu ndani amefunikwa hadi kidevuni, amefumba macho. Kwetu gari la msiba likizima njiani, kila mtu anajua sababu: marehemu amekasirika, hataki kuendelea, lazima abembelezwe. Hawakuuliza mtu. Mama mmoja mwenye kikapu alikaribia, akavua leso kichwani, akaanza. "Mayi, mama yetu, usitukasirikie. Twende nyumbani, mayi. Kama kuna aliyekukosea, sisi tunaomba msamaha kwa niaba yake." Wengine wakaja. Mmoja akasema, "Wewe ulifanya kazi, ulilea, umechoka, tunajua. Kubali twende." Wakaimba kwa sauti ya chini. Nilifungua mdomo niwaambie yuko hai, jamani, na kupitia kioo nikamwona Mama Rispa amefungua jicho moja, akinikataza kwa kidole. Nikaufunga. Machozi yalikuwa yakimshuka kuelekea masikioni. Injini ikashika. Wanawake wakapiga vigelegele vya huzuni, wakajua wao ndio wameiwasha, nami mpaka leo siwabishii. Tulipoacha soko nyuma, mama akasema, "Tangu nizaliwe sijabembelezwa hivyo. Nilitaka wamalize."

Ila maneno hupanda mlima haraka kuliko dizeli. Mtu wa baiskeli alishatangulia kwa njia ya mkato, na tulipofika pale juu tulikuta lango la miti limefungwa kwa mnyororo, na Mzee Barasa amesimama mbele yake na wazee wenzake wawili, mvua ikiwanyeshea kofia. Hakungoja tuzime injini. "Rudini," alisema. "Tumeambiwa. Ameonekana sokoni kwenye sanduku, watu wamemwimbia. Wanjala, mwanangu, pole. Lakini tulisema na wewe ukasikia." Wanjala alishuka. "Baba, yuko hai." Mzee mmoja akasema kila mtu husema hivyo langoni. Barabara yote ile, bamba lote lile la chuma, na mbao za mtu aliyezoea kazi yake ndizo zilizotufungia lango! Nikashuka mimi, mdomo wangu mbele, nikawaambia waje waone kwa macho yao kama wao ni wazee au ni waoga. Wanjala alinishika mkono ninyamaze. Ndipo sauti ikatoka nyuma, dhaifu lakini kavu. "Barasa. Mnyororo ule nilikuwa nafungia ng'ombe. Umeufunga kwa sababu yangu?"

Mzee mmoja aliyekuwa karibu alirudi nyuma hadi akakaa kwenye tope. Mzee Barasa hakusogea. Alitazama sanduku, akatazama mikono iliyoshika kingo zake, ikijivuta. Akafungua mnyororo.

Wanjala alitaka kumbeba. Alikataa. "Walisema kwa miguu," alisema, na akamtazama mwanawe vikali hivi hata nikakumbuka kwamba hapo zamani alikuwa mwanamke wa kuogopwa. Alishuka akishika bati la landrova, halafu bega langu, kisha akaniachia. Kutoka pale hadi jikoni hata kuku hachoki, lakini alisimama mara nyingi, na kila aliposimama niliomba kwa majina yote ya Mungu ninayoyajua. Nguo ilikuwa imelowa, miguu yake myembamba inazama. Mzee Barasa alitembea pembeni yake mikono nyuma, hakumgusa, hakumtangulia. Jiko lilikuwa limegeuzwa ghala la magunzi na jembe bovu, lakini mafiga matatu yalikuwa mahali pake. Kuni zilikuwa nje zimelowa chapa. Nilimwona Wanjala akitoka, na baada ya muda tukasikia nyundo: alikuwa akilivunja lile sanduku. Alirudi na mbao zake, kavu, zinanuka saipresi, akaziweka mbele ya mama yake.

Kiberiti kilimshinda. Njiti ya kwanza ilivunjika, ya pili ikazimika. Nilinyoosha mkono nimsaidie na wazee wote wakasema "A-a!" kwa pamoja. Nilirudisha mkono nikauma vidole vyangu. Akapumzika, ameegemea ukuta, amefumba macho, mpaka nikadhani basi. Kisha akawasha tena, akaushika moto kwa mikono miwili kama mtu anayemkinga kifaranga, akausogeza kwenye kipande kidogo cha ubao, na kile kipande kikashika. Moshi ulipanda paani. Mzee Barasa aliinama akaingia, akavuta kigoda, akakaa upande wa wageni, akasema, "Shemeji, tumekuta umefika." Mama Rispa akamwomba radhi kwamba hana majani ya chai. Mzee Barasa akatuma watu walete.

Chai ilipochemka alikunywa kidogo, akatuambia sote tunywe. Halafu akauliza lile aliloliuliza Kipsongo. Migomba ilikuwa imejaa huko nyuma, alisema, yeye haoni tena alama yoyote, na wote waliozika siku ile wameshakufa. Amelala wapi Nafula? Nani anajua? Wanjala aliinamisha kichwa. Yeye alikuwa hajazaliwa siku ile. Mzee Barasa aliweka kikombe chini. Akatoka mvuani bila kofia, akapita kati ya migomba, akasimama mahali ambapo sisi tulimwona vizuri kupitia mlango. Hapakuwa na kitu. Hapakuwa na mgomba, wala mihogo, wala maharagwe, ingawa pande zote palikuwa pamelimwa hadi ukingoni. Palikuwa na majani mafupi tu, yamefyekwa, padogo kama mkeka wa mtoto.

"Ni hapa," alisema kwa sauti. "Nikilima, hapa naruka."

Mama Rispa akauliza, "Nani alikuambia uruke?"

"Nilimchimbia mimi, shemeji. Nilikuwa kijana. Sasa nani tena aniambie?"

Alilia hapo, mama yule, kilio chenye sauti, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na Mzee Barasa alibaki amesimama mvuani mpaka kilio kikaisha. Mama Rispa alifariki mchana wa keshokutwa yake, jua likiwa limetoka, jikoni kwake, Wanjala amemshika kichwa vilevile alivyomshika njiani. Vijana wa ukoo walikuja na majembe. Mzee Barasa aliwaambia wakae kando kidogo, akatema mate mkononi, na jembe la kwanza akalipiga mwenyewe, karibu kabisa na pale alipokuwa akiruka.